Botoksi tumboni, puto, sindano ya kila wiki au kisu: kuchagua ukiwa Malindi

Malindi haichelewi kupata habari. Mmoja ana shangazi yake Muscat, mwingine ana jirani Mwitaliano anayekwenda na kurudi, wa tatu ameiona kwenye simu: kuna sindano ya botoksi inachomwa ndani ya tumbo, unaingia asubuhi unatoka adhuhuri, kovu huna, na njaa inakatika. Mwenye kilo zake 95 na magoti yanayomsumbua akisikia hayo, moyo humruka. Kisha anaambiwa kuna puto, kuna dawa ya kujichoma mwenyewe kila wiki, kuna upasuaji wa kupunguza tumbo. Hapo ndipo anapokwama.

Tumeziweka zote nne kwenye mizani moja. Inayomfaa mama wa Barani mwenye kisukari huenda isimfae binti wa Shela anayetaka kushika mimba mwakani, kwa hiyo usitarajie jibu moja la watu wote.

Kwanza ijue namba yako

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa kilo 92 mwenye urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 92 ukigawa kwa 2.56 unapata 35.9. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Namba hii ndiyo daktari anayotazama kabla ya jambo lolote. Dawa za sindano ya wiki, zikitumika kwa unene, zimeidhinishwa kwa walio 30 na zaidi, au 27 na zaidi wakiwa tayari na presha, kisukari au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene. Puto huwekwa zaidi kwa walio kati ya 30 na 40. Kisu, kwa miongozo ya kimataifa ya 2022, kinapendekezwa kuanzia 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na kinaweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha ukubwani.

Anayetaka kupunguza kilo tano kwa sababu harusi ya mdogo wake ni baada ya miezi mitatu, katika hizi nne hana yake.

Tunapima kwa nini

Tunapima kwa mambo matano. La kwanza ni uzito unaopungua, na tunautaja kwa asilimia ya mwili mzima, maana kilo kumi kwa mtu wa kilo 80 si sawa na kilo kumi kwa mtu wa kilo 140. La pili ni muda: faida inakaa miezi, miaka, au hadi unapoacha dawa? La tatu ni madhara, hasa yanatokea siku ya ngapi na yanaanza kwa dalili gani.

La nne watu hulisahau wanapolipa. Usiku wa tatu utakuwa wapi? Matibabu mengi ya aina hii hufanyika Mombasa, Nairobi au ng'ambo, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 za barabara, na Nairobi ni mbali zaidi. Tatizo likianza saa nane za usiku, anayekupokea ni daktari wa zamu hapa mjini, ambaye hakuwapo ulipotibiwa na hajui ulichowekwa tumboni.

La tano ni gharama. Bei hatuziandiki kwa sababu hubadilika kila msimu, lakini uliza bei kamili: vipimo vya kabla, nusukaputi, dawa za baada, kutoa kilichowekwa, na safari za kurudi kuonwa. Bei ya tangazo mara nyingi ni ya siku moja tu.

Botoksi ndani ya tumbo

*Inavyofanya kazi.* Botoksi ni sumu ya bakteria Clostridium botulinum iliyosafishwa na kupimwa kwa uniti. Inazuia ncha za neva zisitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli usipopata amri, hulegea. Usoni mkunjo hunyooka. Tumboni hulegea ile sehemu ya chini inayosaga chakula na kukisukuma kwenda utumbo mwembamba. Chakula hukawia, nawe unakaa umeshiba muda mrefu. Hiyo ndiyo nadharia yake.

Mgonjwa hufunga chakula kigumu kwa saa 8, hupewa dawa ya usingizi mwepesi, na daktari hupitisha kamera ya tumbo mdomoni. Unga wa dawa huchanganywa na maji ya chumvi ya 0.9% taratibu, bila kutikisa kichupa kwa nguvu, kwa kuwa protini yake huharibika. Sindano nyembamba hupita ndani ya kamera na kuchoma sehemu 10 hadi 20, pengine zaidi, kwa kuzunguka. Katika tafiti nyingi dozi nzima imekuwa kati ya uniti 100 na 500. Kazi huisha kwa kama nusu saa.

Ugumu uko kwenye kina. Ukuta wa tumbo ni tabaka juu ya tabaka. Sindano ikiishia kwenye utando wa ndani, dawa haiufikii msuli na pesa zako zimekwenda bure. Ikipitiliza, dawa humwagika nje ya tumbo. Uniti nazo zina mtego wake: uniti 100 za Botox si sawa na uniti 100 za Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyo hiyo, na anayehesabu kana kwamba ni mamoja anaweza kukosea dozi vibaya.

*Kinachopungua na kinachodumu.* Hapa ndipo mizani inapoyumba. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2013, watu 60 waligawanywa kwa kura: wengine walipata uniti 100, wengine 300, wengine maji ya chumvi tu. Kwa waliopata 300 tumbo lilichelewa kweli kumwaga chakula, lakini uzito wao haukupungua kuliko wa waliochomwa maji ya chumvi. Kumbe tumbo kuchelewa ni jambo moja na mtu kupungua ni jingine. Tafiti nyingine, hasa zilizochoma na sehemu ya juu ya tumbo na kumwekea mgonjwa mpango mkali wa chakula, zimeona uzito ukishuka. Lakini nyingi ni ndogo, na ni vigumu kujua kilichofanya kazi ni sindano au ule mpango. Kinachofahamika vizuri ni muda: ncha za neva huchipuka upya, na baada ya miezi 3 hadi 6 msuli umerudi kazini. Ukirudia mara kwa mara, mwili unaweza kujenga kinga dhidi ya dawa yenyewe.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sumu hii mwaka 1989 kwa magonjwa ya macho na 2002 kwa mikunjo ya uso. Kwa unene haijaiidhinisha. Daktari anayeitumia tumboni anaitumia nje ya kibali chake. Hilo peke yake si kosa, ila anapaswa kukuambia kabla hujatia saini.

*Kinachoharibika.* Mara nyingi ni mambo mepesi: kichefuchefu, tumbo kujaa, kiungulia, maumivu ya siku mbili tatu. Zito ni sumu kusambaa mwilini. Mwanzoni mwa 2023 watu zaidi ya 60 waliugua botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu hiyo, baada ya kuchomwa tumboni nchini Uturuki. Miongoni mwao walikuwamo wageni waliokwisha kurudi makwao Ujerumani, Austria na Uswisi, na dalili zikawakuta huko. Hilo la kuugulia nyumbani ndilo linalomhusu mtu wa Malindi.

Dalili huanzia juu na kushuka: kuona viwili viwili, kope kulegea, mdomo kukauka, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha shingo na mikono kuishiwa nguvu, mwisho kifua. Akili hubaki timamu na kwa kawaida homa haipo, ndiyo maana watu hudhani ni uchovu wa safari. Dawa ya kuipinga sumu husimamisha kilichokuwa kikiendelea. Haiamshi neva zilizokwisha lala. Kupona huchukua wiki au miezi, na kifua kikilegea inahitajika mashine ya kupumulia. Ukiona hata mbili kati ya dalili hizo, hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe: "Daktari, nilichomwa botoksi tumboni tarehe fulani." Usipoitaja, haitamjia akilini.

*Nani asiisogelee.* Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa kulegea misuli, mwenye kidonda cha tumbo ambacho hakijapona. Kuna dawa pia za kutaja: jentamaisini na ndugu zake huongeza nguvu ya sumu hii, na jentamaisini ni sindano ya kawaida mno katika zahanati zetu. Muislamu anayechunguza vilivyomo ajue kwamba baadhi ya aina, Botox mojawapo, zina albumini iliyotokana na damu ya binadamu. Kuhusu hilo amuulize shekhe wake kabla, asingoje baada.

*Inamfaa nani.* Kwa maoni yetu inamfaa mtu aliye ndani ya utafiti unaosimamiwa vizuri, au asiyeweza kupata njia nyingine na anayefahamu kwamba analipia miezi michache yenye matokeo yasiyo na uhakika. Fadhila zake ni za kweli: hakuna kinachokatwa, hakuna kinachobaki tumboni, na lisipokufaa linaisha lenyewe.

Puto la tumbo

*Linavyofanya kazi.* Mfuko laini wa silikoni huingizwa tumboni ukiwa mtupu, kisha hujazwa maji ya chumvi, kwa aina inayojulikana zaidi mililita 400 hadi 700. Linachukua nafasi na kukawiza chakula. Aina hiyo huwekwa na kutolewa kwa kamera, na hukaa miezi 6; nyingine hukaa hadi 12. Ipo ya kumeza kama kidonge kilichofungwa mrija, hujazwa kama mililita 550, na baada ya wiki 16 hivi hujifungua na kutoka kwa njia ya choo.

*Kinachopungua na kinachodumu.* Tarajia kama asilimia 10 ya uzito, zaidi kidogo kwa anayefuata mpango. Sehemu kubwa hushuka miezi mitatu ya mwanzo. Likishatolewa nafasi inarudi, na kwa wengi sehemu ya kilo nayo hurudi.

*Kinachoharibika.* Siku 3 hadi 7 za kwanza ni za kichefuchefu, maumivu ya kubana na kutapika. Tumbo linajaribu kulitupa. Anayerudi Malindi siku ya pili aondoke na dawa za kuzuia kutapika na za maumivu mkononi, na anywe vijiko viwili vya maji kila baada ya dakika chache, si glasi nzima. Asipokojoa kwa saa 8, au asipoweza kuzuia hata maji, anahitaji dripu. Muda wote wa puto hunywa dawa ya kupunguza asidi kila siku. Haruhusiwi Brufen, diklofenaki wala aspirini, zile zile zinazouzwa kila duka la dawa kwa mgongo na magoti. Tumbo lenye puto likipata hizo hufanya kidonda, na kidonda kinaweza kutoboka. Atumie panadol.

Madaktari wengi hutia rangi ya samawati kwenye maji ya puto, ili likivuja mkojo ugeuke samawati au kijani. Ukiiona rangi hiyo, usingoje miadi. Puto lililonywea linaweza kuteleza hadi kwenye utumbo na kuuziba: tumbo hujaa, choo na upepo havitoki, matapishi hugeuka ya kijani. Hilo ni la upasuaji wa dharura. Kosa jingine ni kuchelewa kulitoa. "Miezi 6" maana yake miezi 6, si hadi baada ya Idi.

*Inamfaa nani.* Mwenye namba ya 30 hadi 40 asiyetaka kisu, anayeweza kwenda Mombasa kwa siku za kuweka, kutoa na za katikati. Linasaidia pia mnene sana anayetakiwa kushuka kidogo kabla ya operesheni nyingine. Halimfai aliyewahi kukatwa tumbo la chakula, wala mwenye henia kubwa ya tumbo kupanda kifuani.

Sindano ya kila wiki

*Inavyofanya kazi.* Semaglutaidi huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba. Tirizepataidi huiga mbili. Hujichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono, siku ile ile ya wiki. Dozi hupanda ngazi. Kwa semaglutaidi ya unene, yaani Wegovy, ni miligramu 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 na mwisho 2.4, kila ngazi wiki 4. Anayeruka ngazi kwa haraka ya kupungua hujikuta akitapika siku tatu, na lawama anaipa dawa.

*Kinachopungua na kinachodumu.* Katika jaribio kubwa la watu 1,961, waliotumia semaglutaidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, dhidi ya 2.4 kwa waliopewa sindano tupu. Tirizepataidi kwa dozi yake ya juu ilifikia kama asilimia 21 kwa wiki 72. Lakini waliofuatiliwa mwaka mzima baada ya kuacha semaglutaidi walikuwa wamerudisha thuluthi mbili za walichopunguza. Hii ni dawa ya kuishi nayo, kama ya presha. Piga hesabu ya miaka kabla hujanunua kalamu ya kwanza.

*Kinachoharibika.* Kichefuchefu, kuharisha au kukosa choo, hasa kila unapopanda ngazi. Mawe ya nyongo huweza kuja na kupungua kwa haraka. Maumivu makali ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni na hayaachi yanaweza kuwa ya kongosho: simamisha dawa, nenda hospitali. Mwenye kisukari anayetumia pia insulini au glibenklamidi apunguziwe hizo na daktari mapema, la sivyo sukari itashuka hadi aanguke. Hairuhusiwi kwa mwenye historia, yake au ya familia, ya ile saratani ya tezi ya shingo inayoitwa medula. Anayetaka mimba aache semaglutaidi angalau miezi 2 kabla. Anayetumia tirizepataidi na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kondomu kwa wiki 4 za mwanzo na wiki 4 kila anapopandishiwa dozi. Na yeyote anayekwenda kupewa nusukaputi, hata kwa jino au henia, aseme kwamba yuko kwenye sindano hii, kwa kuwa chakula hubaki tumboni muda mrefu na kinaweza kupanda akiwa amelala.

Upande wa Malindi, adui ni joto. Kalamu isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ozempic, yaani semaglutaidi ya kisukari, iliyokwisha anza kutumika huvumilia hadi wiki 8, mradi joto lisipite nyuzi 30. Na wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, chumba cha juu chenye paa la mabati hupita hapo bila shida. Mtungi wa maji unaopoza kwa mvuke hausaidii sana pwani, hewa yetu ina unyevu mno. Kaa na friji, na umeme ukikatika usiifungue fungue. Ukiinunua Mombasa, isafirishe kwenye chupa pana ya kuhifadhi baridi, barafu ikiwa imefungwa kitambaa. Kalamu ikigusana na barafu ikaganda, itupe. Usiiache kwenye dashibodi ya matatu hata dakika ishirini.

Halafu kuna bandia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic feki zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu isiyo na boksi, yenye maandishi yaliyokosewa, au inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari, iache. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na uweke boksi na namba ya toleo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kisukari na unene pamoja, mwenye friji na kipato kinachoendelea, na asiyetaka kupitishiwa chochote mdomoni. Katika hizi nne, hii ndiyo isiyokudai kuwa karibu na chumba cha upasuaji.

Kisu: kupunguza tumbo

*Kinavyofanya kazi.* Kwa matundu madogo matano hivi na kamera, daktari hukata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba, umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudi. Pamoja na nafasi huondoka pia sehemu kubwa inayotengeneza homoni ya njaa. Upo pia upasuaji wa kuunganisha tumbo dogo na utumbo wa mbele. Huo hupendelewa zaidi kwa mwenye kiungulia kikali, maana mrija huweza kukizidisha.

*Kinachopungua na kinachodumu.* Kama asilimia 25 hadi 30 ya uzito, na kwa wengi sehemu kubwa hubaki kwa miaka. Kisukari cha ukubwani mara nyingi hushuka kiasi cha kupunguziwa dawa.

*Kinachoharibika.* Wiki 2 za mwanzo ndizo za kuogopa kuvuja kwenye mshono. Mapigo ya moyo yanayopita 120 mtu akiwa amekaa, homa, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi: hata moja ya hizi inatosha kurudi kwa aliyekukata. Ndiyo maana tunashauri mtu wa Malindi apange kwa jamaa Mombasa au Nairobi kwa siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda basi. Damu kuganda miguuni ni hatari ya pili. Dawa yake ni kutembea kuanzia siku ile ile na sindano za kuyeyusha damu ulizopewa.

Chakula hupanda kwa hatua: siku za kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi na mtindi, baadaye samaki aliyepondwa, na kufikia wiki ya 6 hivi chakula laini cha kawaida. Gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku zitafutwe kwenye samaki, mayai, kunde na maziwa. Nywele hukatika mwezi wa 3 hadi wa 6, kisha kwa kawaida huota. Vitamini, hasa B12, na madini ya chuma ni za maisha, pamoja na kupima damu kila mwaka. Kutapika kwa wiki nzima si jambo la kuvumilia: vitamini B1 ikiisha, ubongo huumia. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Tena ajihadhari, kwa sababu uzito ukishuka uzazi hufunguka, na wengi hushikwa bila kutarajia.

*Kinamfaa nani.* Mwenye 35 na zaidi, hasa mwenye kisukari, presha au anayekabwa pumzi usingizini, aliyekwisha jaribu njia nyingine, na ambaye atakunywa vidonge vyake hata baada ya miaka kumi.

Mambo yanayozishinda zote nne

Kinywaji chenye sukari hupita kila mahali. Puto halikizuii, tumbo lililokatwa halikizuii, botoksi ndiyo kabisa. Maji ya miwa, soda, sharubati ya ukwaju, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, kaimati zilizolowa shira: hivi huteleza tu. Mahamri mawili na mbaazi za nazi mtu aliyetibiwa anaweza kushindwa kuyamaliza, lakini chai yake ya pili hashindwi.

Na Ramadhani. Aliyewekwa puto au kukatwa karibuni hawezi kufidia lita moja na nusu ya maji kwa mkupuo wakati wa futari, kwa hiyo taratibu hizi zipangwe mapema, miezi kadhaa kabla ya mwezi mtukufu. Sindano ya wiki ichomwe usiku baada ya futari. Hapo hata mjadala wa kama inafunguza swaumu hauna nafasi.

Kwa hali yako

Una kisukari, namba 32, friji nyumbani na mshahara wa kila mwezi: anza mazungumzo kwenye sindano ya wiki. Una namba 43, magoti yamechoka na unakoroma hadi unashtuka: omba rufaa ya daktari wa upasuaji, Coast General au kwingine Mombasa na Nairobi, na uulize amefanya upasuaji huu mara ngapi. Una 34, hutaki kisu, unataka msukumo wa miezi sita ubadili ulaji: puto, na tarehe ya kulitoa iandikwe kwenye kalenda siku linapowekwa. Unataka mtoto mwakani: kisu na sindano vyote vinakuhitaji usubiri, na botoksi mjamzito hachomwi, zungumza na daktari wa uzazi kwanza.

Umevutwa na botoksi bado? Basi andika majibu ya haya: jina la dawa kwenye chupa, uniti ngapi, itachomwa wapi, nani atanipokea nikiona viwili viwili nikiwa nyumbani, na je, daktari huyu yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Anayekasirika kuulizwa hivyo, mwachie chupa yake.

Na kama unaishi Lamu, Shela ya kule au Pate, ongeza kigezo kimoja juu ya vyote: boti ya usiku hadi Mokowe, kisha barabara. Puto na kisu kwako vina maana ya kukaa bara, karibu na hospitali, hadi wiki zile za hatari zipite. Tafuta nyumba ya kukaa kabla hujatafuta daktari.